Mwanamke wa Akiki

Kazi ilikuwa imekwisha tangu Jumatatu, na Immaculée hakumwambia mtu.

Siku nne sasa, kila asubuhi, alikitoa kile kito kwenye kikasha chake, akakilaza juu ya kipande cha ngozi laini, akawasha taa ya mezani, akashika kitambaa na kujifanya anakisafisha. Inderpal, mwenye karakana, mzee wa Kisingasinga mwenye ndevu nyeupe na maneno ya kuhesabika, alipita nyuma yake, akaguna, akaendelea na shughuli zake. Miaka tisa walikuwa wamefanya usonara pamoja katika chumba kile cha ghorofani, Hockley, mtaa wa masonara katika mji ule wa Waingereza. Mzee aliujua mkono wa Immaculée unapofanya kazi, na aliujua unapobembeleza tu.

Na nani asingekibembeleza? Hakikuzidi yai la njiwa kwa ukubwa. Wenye kazi hii hukiita kameo: jiwe la thamani lililochongwa hadi sura ikachomoza juu yake. Jiwe lenyewe lilikuwa akiki ya matabaka mawili, jeupe kama maziwa chini na jeusi la kung'aa juu, na katika lile tabaka jeusi fundi mmoja wa Italia, aliyekufa karibu miaka mia tano iliyopita, alikuwa amechonga uso wa mwanamke Mwafrika. Alitazama upande. Nywele zake zilisukwa na kuzungushiwa ushanga mdogo mdogo, shingo yake imenyooka, na ushungi mweupe ulimteremka begani kwa wepesi ambao mtu asingeamini kwamba ni jiwe. Midomo ilikuwa imefunguka kidogo, kama mtu aliyesikia akiitwa jina lake na bado hajaamua kuitika.

Immaculée alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu. Katika maisha yake yote ya usonara, alikuwa ameshika almasi za wachumba na dhahabu za wajane, lakini hakuwahi kushika kitu kilichomtazama kama mtu wa kwao.

Aliyemletea alikuwa Onyango.

Siku ile ya kwanza, wiki sita nyuma, alipanda ngazi amelowa mvua, kikasha amekificha ndani ya koti kama anayembeba kifaranga. Alifanya kazi katika nyumba moja ya mnada pale mjini, kazi yake kuandika maelezo ya vitu vya kale kabla havijauzwa. Fremu ya dhahabu ya kameo ilikuwa imevunjika makucha mawili yanayoshika jiwe, nalo likawa linacheza. Alianza kueleza kwa Kiingereza, mpaka Immaculée alipomkatiza.

"Wewe ni Mkenya."

"Umejuaje?"

"Mukizungumza Kiingereza, Kiswahili kinachungulia."

Alicheka. Kisha Immaculée akaweka lenzi jichoni, akainama juu ya jiwe, na maneno yote yakamwishia. Alipoinua kichwa hakujua muda gani umepita. Onyango alikuwa bado amesimama palepale, maji yakimdondoka kwenye pindo la koti.

"Hata mimi nilinyamaza hivyo hivyo," alisema kwa sauti ya chini.

Tangu hapo akawa haishiwi sababu. Alirudi kupima upana. Alirudi kupiga picha. Alirudi kuuliza kama rangi ya dhahabu mpya italingana na ya zamani, jambo alilokuwa ameshaliuliza. Mwishowe aliacha kutafuta sababu, akawa anakuja na chai ya maziwa kwenye chupa na mandazi ya dada yake, anakaa kwenye kile kigoda cha karibu na dirisha, anamtazama akifanya kazi. Walimtungia yule mwanamke maisha. Siku moja alikuwa binti wa balozi. Siku nyingine alikuwa mwanamke aliyependwa na fundi mwenyewe, na fundi akashindwa kusema, akachonga.

"Huyo fundi alikuwa mwoga," Immaculée alisema.

"Ama alikuwa anangoja," alijibu Onyango, na macho yake hayakuwa kwenye jiwe.

Ijumaa hii ya Mei jua liliingia dirishani kwa mshazari, la dhahabu, likielea na vumbi la karakana. Inderpal alikuwa chumba cha nyuma. Immaculée alisikia hatua ngazini, mbili mbili, akazitambua. Haraka akashika kitambaa na lenzi.

"Sasa, Imma."

"Karibu."

"Imeisha?"

"Bado kidogo."

Onyango aliweka chupa ya chai mezani. Akavuta kigoda karibu, karibu kuliko siku zote, akachukua lenzi kutoka kwenye vidole vyake. Mikono yao iligusana, na hakuna aliyeharakisha kuutoa wake. Akainama. Alikagua kucha moja baada ya nyingine, zile nne za zamani na zile mbili alizozifua Immaculée, ambazo sasa hakuna jicho lingeweza kuzitenga na za zamani.

"Imma," alisema bila kuinua kichwa, "hii imeisha."

Immaculée aliweka kitambaa mezani. "Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

Immaculée alihisi uso unamwaka. Kisha akaona mabega ya Onyango yanatikisika. Alikuwa anacheka, cheko la ndani kwa ndani lisilo na sauti.

"Aki nisamehe," alisema. "Ofisini wanaidai tangu juzi. Nikawaambia fundi anahitaji mpaka wiki ijayo. Nikawaambia, kazi kama hii haiharakishwi."

Wakatazamana. Wote wawili walikuwa wamedanganya, kila mmoja kwa upande wake, kwa ajili ya jambo lilelile. Nje basi lilipita, vioo vikatetemeka kidogo, na mle ndani palikuwa kama chini ya maji: mwanga, utulivu, na uso wa mwanaume huyu, wenye kovu dogo juu ya nyusi ambalo Immaculée alikuwa ametamani kuligusa kwa wiki sita.

Aliligusa.

Onyango alifumba macho. "Usitoe," alisema. "Nikwambie kitu na mkono ukiwa hapo. Nimeandika maelezo ya vitu elfu, Imma. Cha nani, cha lini, kimetengenezwa wapi. Lakini nikitoka hapa jioni najaribu kueleza vile unainamisha shingo ukifanya kazi, na sina maneno. Nakupenda. Hayo ndiyo nimepata."

Machozi yalimlenga. Furaha ilimjaa kifuani ikasimama hapo, kwa sababu chini yake palikuwa na jambo lingine ambalo hakuwa amemwambia.

"Onyango, kesho..." alianza.

Hatua nzito zikasikika ngazini, na pumzi za mtu mzima.

"Bwana asifiwe! Hizi ngazi zitaniua, kweli!"

Immaculée akaurudisha mkono wake kama aliyeungua. Aliyetokeza mlangoni alikuwa baba yake, Papa Ignace, ndani ya suti ya kijivu na kofia, uso ukimeremeta kwa jasho na furaha. Hakumwona mgeni. Alitoa mfukoni kikasha cha bati, akakiweka mezani, sentimita chache kutoka kwa yule mwanamke wa akiki.

"Voilà! Gédéon amenipatia asubuhi. Ni pete ya marehemu mama yake. Kubwa kidogo, kidole chako ni chembamba. Akasema anaipeleka kwa sonara. Nikamwambia, juu ya nini kutafuta sonara mwingine? Bibi harusi mwenyewe ni sonara!" Alicheka mpaka akakohoa. "Kesho wakikuja kutuona, iwe inakutosha muzuri."

Hapo ndipo alipomwona Onyango.

Onyango alikuwa amesimama. Rangi ya uso wake ilikuwa imebadilika, lakini alimpa mzee mkono wa heshima, akiinama kidogo.

"Habari yako, mzee."

"Muzuri, kijana."

"Nimekuja kuchukua kazi ya ofisi." Alikitia kito kwenye kikasha chake. Mara ya kwanza kifuniko kilikataa kufunga. Kisha akamgeukia Immaculée, na jicho alilomtupia halikuwa la hasira. Afadhali lingekuwa la hasira. "Hongera," alisema.

"Onyango, ngoja."

Lakini hatua zake zilishakuwa zinashuka, moja moja.

Papa Ignace alivua kofia. Akaketi kwenye kile kigoda, ambacho bila shaka kilikuwa bado na joto.

"Huyo ni nani?"

"Mteja, Papa."

"Mimi ni muzee lakini siko kipofu. Mteja hamutazami fundi hivyo. Na fundi halii mteja akienda."

Immaculée alijipangusa shavu kwa mgongo wa mkono. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Na leo hakuwa hata na nguvu ya kujaribu.

"Minamupenda, Papa."

Mzee alipozungumza, sauti yake haikuwa ya ukali, na hilo ndilo lililomuumiza binti yake.

"Mama yangu, unasahau? Ulikuwa na miaka sita. Homa ilikushika tukiwa milimani, tunakimbia vita, mji wetu Uvira uko nyuma yetu, mbele hatujui ni nini. Mimi nilimubeba mama yako, mguu wake uliumia. Nani alikubeba wewe?"

"Papa Ruben."

"Alikuwa na unga kichwani. Chakula cha watoto wake. Akauacha hapo njiani, akakutia mgongoni. Siku tatu, Imma. Na leo mutoto wake anakuomba, mutoto wa adabu, mwenye kazi, tunaomba naye katika kanisa moja. Nitamwambia nini huyo mutu? Kwamba mugongo wake ulikuwa muzuri, lakini binti amepata Mukenya?"

"Nimeambiwa habari ya unga ule kila Noeli," Immaculée alisema. "Ninaijua, Papa, na sitaisahau mpaka nife. Lakini Gédéon naye ni mutu. Yeye pia alilala njaa kwa sababu yangu. Nimulipe kwa kumuletea mwili nyumbani, na roho ibaki pahali pengine? Kila siku atanitazama, na kila siku atajua. Hiyo ndiyo aksanti?"

"Ungesema mapema!"

"Ningesema. Ni kosa langu. Niliogopa uso wako, huo uko nao sasa."

Papa Ignace aliigeuza kofia yake mikononi, mara moja, mara mbili.

"Bon," alisema hatimaye. "Basi wewe mwenyewe utaenda kumwambia. Mimi sina mudomo wa kumwambia Ruben neno kama hilo."

Pengine alisema hivyo ili kumtisha. Pengine alidhani bintiye atainama, atalia, na jioni ataifanyia kazi ile pete. Immaculée alivua aproni. Akaitundika msumarini, akachukua kikasha cha bati.

"Twende."

Kwenye mlango wa chumba cha nyuma Inderpal alikuwa amesimama. Hakujua neno la Kiswahili, lakini alikuwa na mabinti watatu. "Nenda," alimwambia kwa Kiingereza. "Mimi nitafunga."

Walipanda mabasi mawili mpaka nyumbani kwa Papa Ruben, Bordesley Green, baba na binti, kiti kimoja, bila kusemezana. Kofia ya Papa Ignace ilikaa magotini mwake. Immaculée alitazama nje, nyumba za matofali mekundu zikipita zimeshikana mabega, jua la Mei likiziosha zote rangi ya asali, na akahisi kama mtu anayebebwa usingizini kwenda mahali ambapo hataweza kurudi.

Gédéon ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa na sare ya hospitali, yuko njiani kwenda zamu yake ya kusukuma vitanda vya wagonjwa, hospitali yenyewe ikiwa hatua chache kutoka pale. Mwanaume mpole, mpana wa mabega. Alipomwona Immaculée uso wake ulifunguka kwa furaha, na Immaculée akatamani ardhi immeze.

Papa Ruben alikuwa sebuleni, mguu mbaya ameuweka juu ya stuli, blanketi magotini ingawa kulikuwa na joto. "Ah, mutoto wangu! Kesho imefika leo?"

Immaculée hakukaa. Alipiga magoti mbele ya mzee, akaweka kikasha cha bati kwenye kiganja chake, akakifumba kile kiganja kwa mikono yake miwili.

"Papa Ruben, sitaweza," alisema. "Gédéon ni mutu muzuri, na mimi minapenda mutu mwingine. Ninajua ulichonifanyia. Sina kitu cha kukurudishia ambacho kinatosha. Nimekuja mwenyewe ili usisikie kwa watu."

Papa Ignace alikuwa bado mlangoni, anatazama zulia.

Gédéon ndiye aliyesema kwanza. "Ungeniambia mimi. Mimi kwanza. Si mbele ya papa." Hakupandisha sauti.

"Ni kweli. Nisamehe."

"Nilikuwa naona. Nilikuwa nafikiri itapita." Alichukua mfuko wake wa kazi. Akasimama kidogo, kama mwenye neno la kuongeza, kisha akatoka, akaufunga mlango taratibu sana. Mlango ule uliofungwa kwa upole Immaculée aliusikia moyoni kwa muda mrefu.

Papa Ruben alishusha pumzi. Akamwekea mkono kichwani.

"Atalia, halafu atapona," alisema. "Lakini sikia. Siku ile nilipoacha unga, bibi yangu alinikasirikia sana. Akaniuliza, huyo mutoto wa watu atakulipa nini? Nikamwambia, akipumua mpaka asubuhi, amenilipa. Na ulipumua." Alimgeukia Papa Ignace pale mlangoni. "Ignace! Ni wewe unamufundisha mutoto huyu kwamba namudai? Miaka yote hii?"

Machozi yalimtoka Papa Ignace, mzee wa kanisa, yakamtiririka mpaka kwenye tai.

"Ruben, mimi nilitaka tu..."

"Ninajua ulichotaka. Ingia, kaa. Umesimama kama askari."

Walikaa nusu saa. Walikunywa chai ambayo hakuna aliyeihisi ladha. Walipofika nyumbani kwao Lozells, jua lilikuwa bado juu ya mapaa, na mtaa umejaa watu waliotoka kununua mboga. Immaculée aliketi kando ya dirisha la sebule, amechoka kama aliyepona ugonjwa. Simu yake ilikuwa mkononi. Alimpigia Onyango mara mbili, haikupokelewa. Alikuwa hana haki ya kumlaumu.

"Piga tena," alisema Papa Ignace kutoka jikoni.

Immaculée aligeuka. Mzee alikuwa ameshika sufuria, hamtazami.

"Minasema, piga tena."

Safari hii ilipokelewa. Alisikia pumzi ya Onyango, na nyuma yake kelele za mjini.

"Sijaolewa," Immaculée alisema. "Wala sichumbiwi tena. Nilikuwa nakwambia, nikachelewa. Onyango, unanisikia?"

"Nakusikia. Nimekaa kwa benchi ya kanisa kuu. Kito nimepeleka ofisini, nikashindwa kwenda nyumbani. Uko wapi?"

"Lozells. Nyumbani kwetu."

"Nakuja."

"Huijui nyumba."

"Nitauliza."

Alikuja kweli. Kutoka dirishani Immaculée alimwona anashuka basi mwisho wa mtaa, koti mkononi, anatazama namba za milango upande ambao si wao. Aliingia kwenye duka la Abdirizak la pembeni, akatoka na muuza duka mwenyewe ambaye alinyoosha mkono huku, kisha akanyoosha kule, na kumchanganya zaidi. Immaculée aliinuka, akatafuta viatu vyake kwa miguu.

"Baki," alisema baba yake.

Papa Ignace alikuwa ameshavaa kofia. Alijitazama kwenye kioo cha ukutani, akanyoosha tai.

"Kijana akija mara ya kwanza kwa watu, haingii peke yake kama muuza maziwa. Nitamuleta mimi."

Alishuka. Immaculée aliegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha. Aliwaona wakikutana kando ya barabara, kofia ya kijivu na kichwa kile alichokipenda. Hakusikia waliyozungumza. Aliona Onyango akiinama, akisema jambo refu, mkono kifuani. Aliona baba yake akisikiliza, akiuliza, akisikiliza tena. Akaona kidole cha mzee kikiinuka mbele ya pua ya kijana, kikionya, na kijana akitikisa kichwa kukubali kila neno.

Kisha magari yalipungua. Papa Ignace akamshika Onyango kiwiko, akatazama kulia, akatazama kushoto, na wakavuka pamoja.